Kulwa, Doto Yuko Wapi?

Kanda ya Ziwa mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayefuata ni Doto, wawe wa kike au wa kiume, na hata kama cheti cha ubatizo kina majina mengine, mtaani wataitwa hivyo hivyo. Kwa hiyo naweza kumwita Kulwa mtoto ninayesimulia habari zake bila kumwanika, maana kuanzia Mwanza hadi Geita akina Kulwa ni maelfu. Na kwa sababu hiyo hiyo mtoto huyu hakuwa na pa kujificha. Kila aliyemwuliza jina, awe mama muuza vitumbua, mwalimu mpya au konda wa daladala, aliongeza swali moja kwa bashasha zote: "Doto yuko wapi?"

Doto alikufa maji.

Kulwa ni mtoto wa mdogo wangu. Wao ni watu wa Ukerewe, mimi naishi Mwanza mjini, Igogo. Wakiwa na miaka tisa walitumwa pamoja na baba yao mdogo kwenda kuchukua unga mwalo wa pili, kwa mtumbwi wa kasia. Jioni wakirudi upepo ukageuka, wimbi likaupiga mtumbwi ubavuni, ukapinduka. Wavuvi wa dagaa waliokuwa ndiyo kwanza wanatoka na taa zao waliwaokoa wawili. Kulwa alikutwa amelikumbatia dumu tupu la lita 20. Doto alipatikana kesho yake.

Baada ya miezi michache familia ikaamua aje kwangu, asomee huku, akae mbali na maji. Anayeijua Mwanza anajua kwamba hakuna mtaa wa kulikimbia ziwa. Ukipanda mawe unaliona, ukishuka mjini unakutana nalo. Hata hivyo ziwa halikuwa shida kubwa kwake siku zile. Shida ilikuwa dumu. Sisi maji hukatika, kila nyumba ina madumu ya njano yamepangwa barazani, na Kulwa akiyaona alikuwa anabadilika rangi. Alizunguka nyuma ya nyumba ili asipite mbele yake. Nikimtuma maji alienda, kwa sababu ni mtoto mwenye adabu, lakini alirudi mikono inatetemeka na maneno yamemkauka. Usiku alishtuka akipiga mikono hewani. Akaanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa mdogo. Darasani alisinzia, na mwalimu akaandika kwenye ripoti kwamba hasikilizi.

Na hakuwa analia. Watu wazima walimsifia kwa hilo. Shangazi zake walisema ni jasiri, ameshasahau, watoto husahau upesi.

Kule kisiwani walikuwa wamefanya kila kitu kwa upendo. Nguo za Doto zilifungwa zikapelekwa kwa ndugu. Picha zilitolewa ukutani. Ilikubaliwa kimya kimya kwamba jina lake lisitajwe mbele ya Kulwa ili asitoneshwe. Nawaelewa, na sina lawama hata kidogo, kwa sababu ndivyo wengi wetu tulivyolelewa: msiba wa mtoto hausemwi mbele ya mtoto. Lakini huyu mtoto aliona jambo moja tu, kwamba tangu siku ile watu wazima wote wanamkwepa macho na hakuna anayemtaja ndugu yake. Akajitafutia sababu mwenyewe. Sababu aliyoipata ni kwamba wamemkasirikia.

Hayo nisingeyajua kama mtu mmoja wa kliniki asingenielekeza kwa dada mmoja mshauri aliyesomea tiba ya watoto wenye kiwewe. Nataka kueleza alichokifanya kwa undani kidogo, kwa sababu nimegundua kwamba wazazi wengi tukisikia "ushauri nasaha" tunafikiria mtoto anakalishwa kwenye kiti na kuambiwa asihuzunike. Hii ni kazi nyingine kabisa.

Asili yake ni tiba ya fikra na tabia, ambayo wengi huifahamu kwa herufi CBT. Daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck, huko Philadelphia nchini Marekani, aliianza miaka ya 1960 alipokuwa akiwatibu watu wenye sonona. Aliona kwamba wagonjwa wake walikuwa na mawazo yanayopita haraka kichwani bila wao kuyachunguza, na mawazo hayo ndiyo yaliyokuwa yakivuta hisia na matendo. Ukimsaidia mtu alione wazo, alipime kama ni la kweli, hisia hulegea na mwenendo hubadilika. Baadaye wataalamu watatu, Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger, wakaitengenezea sura ya watoto waliopatwa na mambo ya kutisha. Walianza na watoto waliofanyiwa ukatili wa kingono, kisha ikaenea kwa waliofiwa, walioona vita, walionusurika ajali. Kwa kawaida ni vikao kama 12 hadi 16, mara moja kwa wiki. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tiba ya aina hii kwa watoto wenye kiwewe kwenye mwongozo wake wa mwaka 2013.

Kitu kilichonishangaza tangu siku ya kwanza ni kwamba na mimi nilikuwa na nafasi yangu. Karibu nusu ya muda wa kila kikao ulikuwa wa Kulwa peke yake na nusu nyingine wangu mimi mlezi. Alichofundishwa mtoto, mimi nilifundishwa wiki hiyo hiyo. Mdogo wangu naye, Mama Kulwa, aliingizwa kwa simu kutoka kisiwani, mtandao ukiruhusu.

Walianza na elimu tu. Kwamba mwili wa mtu aliyenusurika kifo hubaki macho, moyo unaenda mbio hata hatari ikiwa imepita, na ubongo huunganisha vitu vilivyokuwepo siku ile, dumu, harufu ya ziwa, sauti ya upepo, na hatari yenyewe. Kwamba kukojoa kitandani kwa mtoto wa hali hii hakutibiwi kwa kumwaibisha wala kumchapa, na mwongozo wa Shirika la Afya unalisema hilo wazi. Nalikazia hapa kwa sababu bado naona mitaani kwetu mtoto anatembezwa na godoro lake kichwani ili wenzake wamcheke. Mtoto anayefanyiwa hivyo anaongezewa jambo la pili la kuogopa usiku.

Kisha wakajifunza kupumua. Kuvuta hewa taratibu mpaka tumbo linyanyuke, kuitoa taratibu zaidi. Kulwa alilala chali sakafuni na daftari juu ya tumbo, anaangalia linavyopanda na kushuka. Wakachora kipimajoto cha hisia, sifuri chini na kumi juu, na kila jioni nyumbani alikuwa ananiambia namba. Mtoto ambaye hakuwa na la kusema aliweza kusema "mama mkubwa, leo ni saba." Mimi sikutakiwa kuuliza kwa nini saba. Nilitakiwa kukaa naye tupumue mpaka iwe nne.

Baada ya hapo ndipo likaja suala la mawazo, na hapo nilimwona yule dada akifanya kazi yake kwa ustadi ambao sijausahau. Kulwa alikuwa ameshasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba yeye ndiye aliyemuua Doto. Kwa sababu yeye ni Kulwa. Yeye ndiye mkubwa. Nyumbani kwao tangu wanatambaa aliambiwa "mwangalie mwenzio, wewe ndiye mkubwa," na siku ile alishika dumu badala ya kumshika mwenzake.

Mtu mzima yeyote angemkatiza: hapana mwanangu, usiseme hivyo, si kosa lako. Mshauri hakumwambia hivyo. Alimwuliza:

"Wewe ni mkubwa kwa Doto kwa kiasi gani?"

Kulwa hakujua. Akapewa kazi ya nyumbani aende akaulize. Tukampigia mama yake, naye akakumbuka vizuri siku ya kujifungua: ilikuwa kama nusu saa. Wiki iliyofuata Kulwa akarudi na jibu lake.

"Nusu saa."

"Sasa siku ile Doto alikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Na wewe?"

Akafikiri. "Tisa na nusu saa."

"Baba mdogo ana miaka mingapi?"

"Ni mtu mzima. Ana ndevu."

"Wimbi lilimfanya nini baba mdogo?"

"Lilimtupa."

Waliendelea hivyo, swali kwa swali, bila haraka. Je, mtoto wa miaka tisa na nusu saa anaweza kuogelea na mtoto mwingine mkononi penye wimbi linalomtupa mtu mzima? Je, kama angeliachia dumu, wangekuwa wangapi kwenye maji? Mshauri alinieleza baadaye kwamba jibu la kupewa huingia sikio moja na kutokea la pili, lakini jibu ambalo mtoto amelifikia mwenyewe anaondoka nalo. Kulwa alilifikia. Hakulisema kama watu wanavyosema kwenye mahubiri. Alisema tu, "Kumbe na mimi nilikuwa mdogo."

Sehemu inayofuata ndiyo inayowatisha walezi, na kwa maoni yangu ndiyo moyo wa tiba hii: mtoto anasimulia yote. Anaandika au anachora kitabu chake, sura kwa sura. Sura ya kwanza haina habari ya maji hata kidogo, inahusu yeye ni nani, anapenda nini. Ya pili ni Doto alikuwa mtu wa namna gani. Wao walicheka sana kwenye hiyo, kwa sababu Doto alikuwa mwizi wa sukari. Kisha asubuhi ya siku ile. Kisha mwalo. Kisha mtumbwi. Kila kikao anasoma alichoandika tangu mwanzo na kuongeza kidogo, kipimajoto kikipanda wanapumua, kikishuka wanaendelea. Wavu uliojisokota hauvutwi kwa nguvu, utachanika. Unatafuta uzi mmoja na kuufuata. Ikifika mara ya nne au ya tano, habari ile ile iliyokuwa kumi inakuwa sita, halafu tatu. Kumbukumbu haifutiki. Inakuwa kitu kilichotokea jioni fulani na kikaisha, badala ya kitu kinachotokea kila mara dumu linapoonekana.

Wakati Kulwa anaandika, sisi watu wazima tulikuwa tunaandaliwa kusikia. Hii ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika makala hii. Mshauri alimsomea mdogo wangu kitabu kile kwanza, bila mtoto kuwepo, alipokuja Mwanza kwa ajili hiyo. Alilia mpaka akaishiwa nguvu. Akaruhusiwa kulia. Akasomewa tena siku nyingine. Akafundishwa cha kusema na cha kutosema, jinsi ya kumtazama mtoto usoni wakati anasoma, jinsi ya kutomkatiza. Alipokuwa tayari ndipo wakakalishwa pamoja.

Kulwa alisoma chote, kidole kikifuata mstari. Alipomaliza, mama yake alimshukuru, kama walivyofanya mazoezi. Kisha akasema jambo ambalo halikuwa kwenye mazoezi: "Kulwa, ni mimi niliyewatuma unga. Kila siku nawaza kwamba ningesubiri kesho yake." Mtoto akamtazama mama yake kwa mshangao. Akamwuliza, "Mama, ulijua upepo utageuka?" Akasema hakujua. "Basi," akasema Kulwa.

Watu wawili waliishi na hatia ile ile, familia moja, kila mmoja akinyamaza ili asimtoneshe mwenzake.

Nimeshawahi kuulizwa kama si hatari kumfanya mtoto ayakumbuke mabaya. Inategemea lini na vipi. Siku za mwanzo za msiba mtoto hahitaji kuhojiwa na mtu. Nakumbuka Septemba 2018, MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha, wapo waliokuwa wakiwazunguka watoto walionusurika na kuwauliza waliona nini. Shirika la Afya halishauri kumtaka mtu aeleze upya tukio zima mara tu baada ya balaa. Mtoto wakati huo anahitaji kula, kulala karibu na mtu anayemwamini, kurudi shule, na kujibiwa ukweli anapouliza. Wengi hutulia kwa hayo peke yake. Ikipita zaidi ya mwezi na bado hashindi vizuri, halali, anakwepa vitu vya kawaida, hapo ndipo tiba inapotafutwa.

Kulwa alirudishiwa dumu polepole. Kwanza alilichora. Kisha kidumu cha lita tatu kikakaa juu ya meza ya mshauri wakati wanaongea mengine. Kisha akakishika. Mwishowe akachota maji na dumu kubwa pale nyumbani, akalibeba mpaka jikoni. Baadaye tulienda Kamanga kutazama kivuko kikiondoka na kurudi, tukila mahindi ya kuchoma, na siku nyingine tukavuka. Lakini mtumbwi mdogo usio na majaketi ya kujiokolea Kulwa hapandi mpaka leo, na mshauri alisema hofu hiyo asiiguse mtu. Tiba inaondoa hofu ya vitu visivyodhuru. Ziwa letu linaua kweli. Makaburi ya MV Bukoba pale Igoma, ya Mei 1996, yanalisema hilo kwa kila apitaye, na mtoto anayedai jaketi kabla ya kupanda ana akili kuliko wengi wetu.

Kwa sababu hiyo hiyo, mtoto ambaye bado anaishi na mtu anayemuumiza haanzi na kitabu. Anaanza kwa kutolewa kwenye hatari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 Tanzania walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Hao hawakuumizwa na wimbi, waliumizwa na mtu, mara nyingi mtu wanayemfahamu. Kwao safari inaanzia kwa afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au namba ya bure 116.

Na swali la Doto? Lilifanyiwa mazoezi, kama mchezo wa kuigiza. Mshauri alikuwa konda, mwalimu, bibi wa sokoni, na Kulwa akachagua majibu mawili. La mtu wa kupita: "Alitangulia." La mtu atakayemzoea: "Doto alifariki ziwani tukiwa na miaka tisa. Ukipenda nitakusimulia siku moja." Mimi nilikuwepo Buhongwa stendi alipolitumia la kwanza. Mama wa watu alishika mdomo, akasema pole mwanangu, Kulwa akasema asante, akahesabu chenji yake.

Nitaambiwa kwamba Mwanza yenyewe wataalamu wa namna hii ni wachache, sembuse visiwani. Ni kweli. Ndiyo maana nimesoma kwa hamu kazi iliyofanyika Moshi. Pale watu wa kawaida wasio na taaluma ya afya ya akili walifundishwa tiba hii na kusimamiwa kwa karibu, wakaitoa kwa vikundi vya watoto yatima huku walezi wakikutana kikundi chao pembeni. Matokeo ya watoto 64 wa mwanzo yalichapishwa mwaka 2014: dalili zilipungua na hazikurudi mwaka mmoja baadaye. Mwaka 2020 yakaja matokeo ya jaribio kubwa la watoto 640, wa Moshi na wa Bungoma, Kenya. Huko Bungoma tofauti kati ya waliopata tiba na wasioipata ilionekana wazi zaidi. Moshi hata wale wa msaada wa kawaida walipata nafuu kiasi kwamba mwaka mmoja baadaye tofauti ilikuwa ndogo. Sioni kama hilo ni la kukatisha tamaa. Lusaka nako, kwenye matokeo ya mwaka 2015, washauri wasio madaktari waliwasaidia watoto na vijana wa miaka 5 hadi 18 kwa mafanikio makubwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa Ukara anaweza kujifunza kumuuliza mtoto "wewe ni mkubwa kwa kiasi gani?" Anachohitaji ni mafunzo ya kweli na mtu wa kumpigia simu anapokwama, na hayo ndiyo ningependa halmashauri zetu za mwambao ziyapangie bajeti kama zinavyopanga vyandarua.

Kulwa sasa yuko sekondari. Amesoma makala hii kabla yenu na kuniondolea aya moja aliyoona inamhusu yeye peke yake.

Kwa mlezi anayetafuta msaada, uliza mambo matatu kabla hujaanza. Mtoto atafundishwa kujituliza kabla ya kusimulia? Mtaonana kila wiki, au mpaka siku utakapopata nafasi? Na mimi mlezi nitakuwa wapi? Ukijibiwa kwamba utasubiri nje kwenye benchi mpaka mwisho, tafuta mwingine.